Nduru za Jumanne

Upande huu wa Kiplombe nduru haiulizwi maswali. Ukiisikia unaacha ulichoshika na kukimbilia inakotoka. Ukishafika ndipo utauliza kama ni nyoka, ni mwizi, au ni mume amerudi na chang'aa kichwani. Anayebaki ndani hujulikana. Hakuna aliyeiandika sheria hiyo na hakuna chifu aliyewahi kuisoma barazani, lakini hata mtoto wa darasa la kwanza anaijua.

Kwa hiyo Jumanne moja ya mwezi wa saba, mwaka wa 2021, nduru ilipopasuka nyuma ya ua wa michongoma, Mwalimu Jepchirchir aliangusha ungo wa maharagwe aliokuwa akichambua. Alikuwa na miaka sitini na nane, magoti yote mawili mabovu, na daktari alikuwa amemkataza hata kupanda ngazi. Alinyakua jembe lililoegemea ukuta akatoka mbio. Mbio ni kusema tu. Alichechemea kwa bidii.

Nduru ilitoka kwa jirani yake, Ephantus Kabiru, na hapo ndipo palipokuwa na shida. Ingetoka kwingine kokote, Mwalimu angekwenda kama watu wote wanavyokwenda. Lakini boma lile lilikuwa na deni lake la zamani, si la pesa, na mdaiwa alikuwa yeye.

Januari ya 2008, wiki ya matokeo ya uchaguzi, nduru ilipigwa palepale. Ilikuwa mchana, jua linawaka. Kabiru mzee, babake Ephantus, alikuwa seremala. Ndiye aliyemtengenezea Mwalimu kabati, meza, na kitanda anacholalia mpaka leo. Vijana waliingia kwake na mapanga na galoni ya petroli. Mwalimu alikuwa jikoni kwake, hatua thelathini kutoka kwenye ua, na alisikia kila kitu. Alisikia hata kuliko wengine, maana alikuwa amefundisha darasa la saba kwa miaka ishirini na sita, na sauti za wale vijana angeweza kuziita moja moja kutoka kwenye rejista. Huyu aliketi karibu na dirisha. Yule alishindwa na desimali mpaka akalia. Enzi hizo akiingia darasani walikuwa wakisimama wima, na huenda siku ile pia wangesimama. Hiyo huenda ndiyo iliyomtafuna miaka yote. Hakutoka. Alitia komeo mlangoni, akaongeza sauti ya redio, akakaa sakafuni ameziba masikio kwa viganja.

Kabiru alikatwa kwenye kizingiti cha nyumba yake akafa hapo hapo. Mkewe na watoto watatu walitokea mlango wa nyuma, wakavuka shamba lililokwisha kuvunwa, wakaishia kwenye hema kambini na baadaye Nakuru. Ephantus alikuwa na miaka kumi na minne. Alirudi mwaka wa 2015, baada ya mama yake kufa, akajenga nyumba ya mabati kwenye ploti ya babake. Siku ya kwanza alikwenda kwa Mwalimu na kilo mbili za sukari na majani ya chai, kama inavyotakiwa, na toka siku hiyo wakawa wanasalimiana kila asubuhi juu ya ua. Walizungumza habari za mvua, mahindi, na ng'ombe aliyekataa kushika mimba. Siku ile haikutajwa hata mara moja. Mwalimu hakujua kijana yule anajua nini. Alitamani sana kujua, na hakuna kitu alichokiogopa zaidi ya hicho.

Basi alipita kwenye pengo la ua, michongoma ikamchana mkono, akafuata nduru hadi kwenye stoo ya mahindi. Mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani. Hakubisha. Alikipiga kitasa kwa jembe, akakipiga tena, kikang'oka na kipande cha mbao. Ndani aliona magodoro yamesimamishwa kutani, trei za mayai zimegongomelewa darini, na katikati yake Ephantus, fulana nyeusi, hedifoni masikioni, gitaa tumboni, macho amefumba na mdomo wazi mpaka kimio kinaonekana, anaipigia nduru maikrofoni iliyovishwa soksi. Hakukuwa na mtu mwingine wala damu. Mwalimu alichungulia hata nyuma ya magodoro.

Ephantus alifumbua macho, akaona mwanamke mzee amesimama mbele yake na jembe. Alipiga nduru nyingine, na hiyo ndiyo iliyokuwa ya kweli.

Wakati huo watu walikuwa wamekwisha kufika. Kituyi, fundi wa pikipiki, alikuja na spana mkononi na mafuta hadi kwenye viwiko. Hafsa, mwenye duka la pembeni, alikuja na jiwe la mizani la kilo mbili, na wateja wake nyuma yake.

"Nani anauliwa?" Kituyi aliuliza.

"Hakuna mtu, jamani. Pole. Nilikuwa na-record."

"Una-record nini?"

"Ngoma. Album yangu ya kwanza."

"Wallahi nimeacha duka wazi," alisema Hafsa, akaliweka jiwe chini kwa sababu lilikuwa zito.

Ephantus akaeleza, huku akijifuta jasho. Muziki wenyewe unaitwa black metal. Ulianzia huko kwenye baridi, kwa wazungu. Huko mtu mmoja hufanya kila kitu: gitaa ni yeye, ngoma ni laptop, sauti ni yeye. Watu walimsikiliza kwa mashaka, maana walimjua kwa sifa nyingine kabisa. Jumapili alikuwa fundi wa mitambo ya sauti katika makanisa matatu mjini, kijana mpole anayepunguza besi mchungaji akianza kuomba.

"Mbona mtu mmoja?" Kituyi akauliza. "Wengine walikukataa?"

"Ndio inakuwanga hivyo."

Aliwachezea kidogo. Kituyi aliinamisha kichwa na kusikiliza kama anavyosikiliza injini, mpaka mwisho, kwa heshima. "Iko na shida ya plagi," alisema.

Mzee Kiprono, mzee wa mtaa, alifika wa mwisho kama kawaida yake, na kwa kuwa watu walikuwa wamekusanyika tayari, akaona heri afanye baraza hapo hapo. Alimhoji Ephantus kama kuna kiapo ndani ya jambo hili, au shetani, au siasa. Ephantus alisema hapana, labda huzuni tu. Mzee akapima mambo huku akigongagonga fimbo chini.

"Kijana amejitafutia kazi isiyoumiza mtu. Apige nduru zake Jumanne, saa nane mpaka saa kumi. Jumanne saa hizo, msije. Tumeelewana?"

Walielewana wote. Mwalimu alikuwa ameketi juu ya gunia, anapumua kwa shida.

"Na siku ikiwa ni kweli?" aliuliza.

"Atatupigia simu," alisema Mzee Kiprono, na watu wakacheka, wakatawanyika.

Mwalimu aliinuka aondoke pia, lakini Ephantus alimzuia. Alitoa karatasi sita kwenye begi la gitaa, zimeandikwa kwa mkono. Yalikuwa maneno ya nyimbo. Album ingeitwa Kizingiti na kundi lake, kama mtu mmoja aweza kuwa kundi, liliitwa Michongoma. Ingetoka Ijumaa ya kwanza ya mwezi wa tisa, kwenye mtandao, na maneno yangewekwa pamoja nayo, kwa sababu watu wa nje hupenda kusoma.

"Niangalilie Kiswahili, Mwalimu. Sitaki watu wa pwani wanicheke."

"Watu wa pwani wanasikiliza vitu hivi?"

"Hapana. Lakini wakisikiliza."

Mwalimu alizisomea nyumbani, kwenye meza ile aliyoichonga Kabiru, na biro nyekundu mkononi, kwa sababu hakujua kusoma maandishi ya mtu mwingine bila biro nyekundu. Wimbo wa kwanza ulihusu majivu. Wa pili ulihusu hema na matope. Wa tatu ulikuwa wa mama anayekunja kanga ileile kila asubuhi kama anasafiri. Alisahihisha nafasi na herufi kubwa, akaendelea, na kusema kweli alifurahi, maana kijana alikuwa na mkono. Kisha akafika wimbo wa tano.

Uliitwa Jirani Hakuwepo. Haukuwa mrefu. "Jirani hakuwepo, alikuwa Kaptagat kwa dada yake. Angekuwepo angekuja, mama aliapa hemani. Nduru ilivuka ua, ikakuta nyumba tupu."

Mwalimu aliweka biro chini. Kumbe ndivyo walivyoambiwa. Mama Ephantus, huko kambini, aliwapa watoto wake jirani mwema, na kijana akakua na jirani huyo, akarudi naye, akamletea sukari. Miaka sita ya salamu za asubuhi zilikuwa za mwanamke aliyekuwa Kaptagat. Na sasa kilichotakiwa ni kidogo sana: alama ya vema pembeni, karatasi irudi, na jambo liende duniani likiwa limechapwa, lisibishaniwe tena na mtu.

Aliitia ile alama. Tuseme ukweli, aliitia, tena kubwa. Akapika chai, akashindwa kuinywa. Aliona aibu, ile aibu halisi inayochemsha masikio ya mtu hata akiwa peke yake jikoni.

Asubuhi alizipeleka karatasi mwenyewe. Ephantus alikuwa stooni anarudisha kitasa mahali pake.

"Makosa ni mengi, Mwalimu?"

"Madogo madogo. Moja ndilo kubwa. Wimbo wa tano."

"Kiswahili chake?"

"Kiswahili ni sawa. Sikuwa Kaptagat."

Ephantus aliendelea kukaza skrubu.

"Nilikuwa jikoni," alisema Mwalimu. Alikuwa amejiandaa kusema polepole, lakini maneno yalitoka yote kwa pamoja. "Nilisikia tangu walipovunja lango. Nilimsikia babako. Mwanzo alipiga nduru tu, halafu akaniita. Mwalimu, Mwalimu, mara mbili. Mimi nikaongeza redio."

Bisibisi ilisimama.

"Mama alisema ulikuwa kwa dada yako."

"Mama yako hakujua. Au alijua, akataka mpate mtu wa kusalimia mkirudi."

"Uliwajua?"

"Wote. Niliwafundisha."

"Wangekusikiza?"

"Sijui. Huenda." Mwalimu alijilazimisha kumtazama. "Huenda wangenikata na mimi. Sikujaribu, kwa hivyo sijui, na sitajua."

Ephantus aliangalia zile karatasi, akafunua ya tano, akaiona alama kubwa nyekundu ya vema iliyopigwa mstari juu yake. Alipozungumza, sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, na hilo lilimwumiza Mwalimu kuliko kama angefoka.

"Ungeniachia tu hiyo, Mwalimu. Hiyo ilikuwa ya mama."

"Najua."

"Nenda nyumbani."

Akaenda. Kesho yake hakukuwa na salamu juu ya ua, wala keshokutwa. Ephantus alikuwa akitoka na pikipiki yake, macho mbele. Mwalimu alisimama pale kila asubuhi saa yake ileile, akijifanya anaangalia kabeji, akarudi ndani. Ilimwuma, lakini hakujutia. Mambo hayo mawili yalikaa pamoja ndani yake na hakuhangaika kuyapatanisha.

Jumanne ikafika, na saa nane kamili nduru ikapigwa. Hafsa aliendelea kupima sukari. Kituyi hakutoa hata kichwa chini ya pikipiki. Baraza lilikuwa limefanya kazi vizuri ajabu: wiki moja tu, na mtaa mzima ulikuwa umekwisha kujifunza kusikia nduru ya mtu na kukaa kitako. Mwalimu alijua kama wengine kwamba ni muziki. Aliinuka, akachukua fimbo safari hii badala ya jembe, akapita kwenye pengo la ua, akagonga mlango wa stoo mara tatu.

Ndani kukawa kimya. Mlango ukafunguka.

"Mwalimu, leo ni Jumanne."

"Najua."

"Ni muziki."

"Najua pia. Nimekuja kuona."

Alimtazama juu mpaka chini, kisha akaufunga mlango. Mwalimu hakuwa amefika kwake nduru ya pili ilipopigwa. Aligeuka akarudi, akagonga mara tatu. Siku hiyo alikwenda mara nne, na mara ya nne Ephantus alitoka nje kabisa, hedifoni shingoni, amekasirika.

"Unaniharibia kazi! Kila nikifika kwa ile ndefu unagonga. Inaingia kwa mic."

"Basi usifunge mlango, nichungulie tu niende."

"Upepo utaingia." Alishusha pumzi. "Sasa unataka nini? Nikusamehe?"

"Hapana. Hiyo ni yako, sijaja kuiomba."

"Sasa?"

"Ukipiga nduru nitakuja. Basi."

"Hata ukijua ni bure?"

"Hata nikijua. Siku nikianza kuchagua ipi ni ya kweli, nitarudi jikoni."

"Mpaka lini?"

"Uliza magoti."

Jumanne iliyofuata alikuja tena, na nyingine baada ya hiyo. Kituyi alisema uzee umemwingia. Hafsa siku moja alimpelekea bandeji ya goti. Mzee Kiprono alifunga safari kwenda kumkumbusha kwamba baraza lilikubaliana, na Mwalimu akamwambia kwamba mzee ahesabu tena, yeye hakukubali chochote, aliuliza swali na watu wakacheka. Mzee alikunywa chai yake akaondoka. Ephantus naye aliacha kufungua mlango. Alikuwa akingoja Mwalimu agonge mara tatu, anamsikia akikohoa na kuondoka, anaanza upya. Alijaribu kubadilisha saa. Alijaribu kuongeza godoro. Mwalimu alikuwa akifika tu.

Ijumaa ya kwanza ya mwezi wa tisa ilipita, na Mwalimu hakuuliza. Jumatatu jioni alikuwa akikama alipomwona Ephantus akipita kwenye pengo la ua, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu asubuhi ile ya kitasa. Alisimama upande wa pili wa ng'ombe. Hakusalimu.

"Imetoka," alisema.

"Wamesikiliza wangapi?"

"Arobaini na tatu. Wengi ni wa nje." Akatoa simu. "Kuna mtu wa Polandi ameandika. Anasema wimbo wa tano ndio bora. Anauliza ile ngoma niliitoa wapi, ile inagonga mara tatu kila nikimaliza nduru. Anauliza kama ni ya kienyeji."

Mwalimu aliacha kukama. "Hukuitoa?"

"Nilijaribu, ikakataa kutoka. Nikatoa maneno badala yake. Yale ya jirani na Kaptagat, yote. Imebaki nduru, na wewe."

Maziwa yalikuwa yakipoa kwenye ndoo. Mwalimu alijifuta mikono kwenye leso, taratibu, kidole kwa kidole.

"Umemjibu nini?"

Ephantus alimpa simu juu ya mgongo wa ng'ombe. Jibu lilikuwa limeandikwa kwa Kiingereza, mstari mmoja: hiyo si ngoma, ni jirani yangu, alichelewa. Mwalimu alilisoma mara mbili, kwa makini, kama alivyosoma madaftari miaka ishirini na sita. Akamrudishia simu. Halikuwa na kosa.